Vim na herufi za Siyu: kosa halikuwa langu

Leo ni habari za Vim, ile programu ya kuandikia matini kwenye Linux. Wasiotumia Linux msinikimbie, kwa sababu nusu ya makala hii ni historia ya Siyu.

Nilikwenda Siyu, kisiwani Pate, kumtazama shangazi yangu. Shangazi anasoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tu, hizi za Kizungu hazijui. Ana kurasa chache za utenzi alizonakili mama yake kwa mkono. Karatasi zimechakaa na macho yake nayo yamechoka. Akaniambia, "Mwanangu, wewe mtu wa kompyuta, niandikie haya kwa herufi kubwa nipate kusoma mwenyewe." Nikamjibu ni kazi ya jioni moja. Ilichukua siku tatu.

Kwenye laptopu nilikuwa na Ubuntu niliyoiweka upya siku chache kabla, bila vikorombwezo. Nikafungua vi kwenye terminali, nikabandika mstari mmoja wa majaribio. Herufi zikatoka kushoto kwenda kulia, tena kila moja imesimama peke yake. Shangazi akatazama, akasema, "Hizi si herufi, hizi ni shanga zilizokatika uzi."

Najua dawa yake, nikajisemea. Nikaandika:

:set arabic

Kimya. Hakuna kosa, hakuna mabadiliko. Nikarudia, nikahakiki tahajia, nikaizima laptopu na kuiwasha tena. Saa nzima nilidhani nakosea mimi. Mwishowe nikauliza badala ya kuamuru:

:set rightleft?

Hapo ndipo nikajibiwa: E519, yaani chaguo hilo halimo. Kumbe ukiiamuru Vim iwashe kitu ambacho haikujengwa nacho, chaguo la namna hii hulipuuza bila kusema neno. Ukiuliza kwa alama ya kuuliza ndipo inakiri. Nikajaribu :echo has('arabic'), nikapata E319: amri yenyewe haipo katika toleo hili. Basi nikatoka nikaandika:

readlink -f $(which vi)

Jibu: /usr/bin/vim.tiny. Mchawi ndiye huyo.

Hapa inafaa tujue historia kidogo. Bill Joy alianza kuandika vi mwaka 1976. Bram Moolenaar, Mholanzi, akatoa Vim kwa umma mwaka 1991, kwanza kwa kompyuta za Amiga. (Huyu ndiye aliyefanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda, mwaka 1994, na kwa miaka mingi Vim ilipofunguka iliomba msaada kwa watoto wa Uganda. Alifariki Agosti 2023.) Vim hujengwa kwa vipimo tofauti, kuanzia "tiny" hadi "huge". Anayeijenga ndiye anayeamua kipi kiingie. Uwezo wa kuandika Kiarabu uliingia katika toleo 6.2, mwaka 2003, kwa kazi ya Nadim Shaikli na Isam Bayazidi. Lakini Debian na Ubuntu huweka kwanza vim-tiny ili kuokoa nafasi, na humo Kiarabu hakimo. Utaona mwenyewe ukiandika vim.tiny --version: kilichomo kina alama ya +, kisichomo kina alama ya -. Mbele ya arabic pana kijistari.

Tiba ni mstari mmoja:

sudo apt install vim

Bando la simu likatosha. Safari hii :set arabic ikafanya kazi: maandishi yakaanzia kulia, herufi zikashikana, na kibodi ikageuka ya Kiarabu.

Nikadhani nimemaliza. Nilipoanza kunakili nikagundua pengo la pili, la zamani kuliko Linux. Kibodi hiyo ni ya Kiarabu, na Kiarabu hakina p, ch wala v. Alama za irabu ni tatu, sisi tuna irabu tano. Waandishi wengi wetu wa zamani walitumia herufi zilizokuwepo: ب ikasimama kwa b na kwa p, ف kwa f na kwa v. Kwa hiyo "bata" na "pata" huandikwa sawa, na kadhalika "fua" na "vua".

Wala hawakuwa watu wasiojua kuandika. Katika karne ya 18 na 19 Siyu ilisifika kwa wanazuoni na mafundi, na misahafu iliyoandikwa na kupambwa huko ingali inachunguzwa na wataalamu. Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858, alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Baadaye wengine walijaribu kuziba pengo. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa (1891–1947) alirekebisha herufi zikidhi Kiswahili. Mwaka 1997 Yahya Ali Omar na P.J.L. Frankl walichapisha mapendekezo yao. Na Kevin Donnelly alitengeneza Andika!, zana huria za kuandika Kiswahili kwa hati hii kwenye kompyuta.

Mimi nilichukua njia fupi. Nilinakili faili la arabic_utf-8.vim kwenye ~/.vim/keymap kwa jina jipya, na badala ya alama nisizozitumia nikaweka:

P <char-0x067e>
C <char-0x0686>
V <char-0x06a4>

Hizo ni پ na چ na ڤ. Nikachapa ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa, nikampelekea shangazi kwa fahari. Akasoma mstari, akasita kwenye nukta tatu. "Mama hakuandika hivi."

Nikamuuliza, sasa wajuaje kama ni "pata" au "bata"? Akacheka. "Utenzi naujua, mwanangu. Nani atapata bata hapo?"

Nikaelewa. Karatasi ile haikupungukiwa na kitu alipoisoma yeye, maana kilichokosekana kilikuwa kichwani mwake. Ila mimi sinacho, na watoto wangu hawatakuwa nacho. Kwa hiyo nimeweka mafaili mawili: moja kama mama yake alivyoandika, ndilo nililomchapia, na jingine lenye پ na چ na ڤ, nililoliandika huku yeye akinisomea neno kwa neno. Hilo la pili tumefika nusu. Mwezi ujao narudi Siyu kumalizia, na safari hii naondoka nyumbani na Vim kamili.

Wenye karatasi kama hizi majumbani, ziandikeni wakati wasomaji wake bado wapo. Na kabla hujajilaumu, iulize programu yako imejengwa na nini.