Kipimo cha Utu Uzima: Larry Laffer na Lugha ya Mchezaji

Mwaka 1987 kampuni ya Sierra On-Line ya California ilitoa Leisure Suit Larry in the Land of the Lounge Lizards, mchezo wa kompyuta uliokusudiwa watu wazima. Mtunzi wake, Al Lowe, aliwahi kuwa mwalimu wa muziki, na kabla ya hapo alikwisha kutunga michezo ya watoto. Kisa alikitoa katika Softporn Adventure, mchezo wa maandishi matupu wa Chuck Benton wa mwaka 1981. Larry Laffer, mseja wa makamo mwenye suti iliyopitwa na wakati, anatangatanga usiku mjini Lost Wages akitafuta mwanamke. Anayechekwa zaidi ni yeye mwenyewe. Na akilala na malaya bila kondomu, hufa.

Mlangoni mwa mchezo palikuwa na mtihani. Ili kuwazuia watoto, kompyuta iliuliza maswali juu ya siasa, muziki na televisheni ya Marekani. Hapa umri ulichanganywa na uzawa. Mzee wa Bukavu, katika Zaire ya wakati ule, mwenye wajukuu, asemaye Kimashi nyumbani, Kiswahili sokoni Kadutu na Kifaransa ofisini, angehesabiwa mtoto. Ilhali kijana wa Chicago aliyezoea televisheni angepita. (Wajuzi walibonyeza vitufe viwili tu, mtihani ukarukwa.)

Aliyepita alipaswa kuandika amri kwa Kiingereza: kitenzi, kisha nomino. Programu ilitenganisha maneno kwa kufuata nafasi zilizo baina yake, ikayatafuta katika msamiati wake. Utaratibu huo ungeweza kuzoezwa "fungua mlango" bila taabu. Lakini "ufungue" ni jambo jingine: neno ni moja, na kiambishi u- chaweza kuwa mlango unaofunguliwa au mtu anayeamriwa. Hapo pangehitajika sarufi, wala si orodha ya maneno.

Mwaka 1991 Sierra iliutoa mchezo upya kwa picha za rangi 256 na kipanya. Mchezaji sasa alichagua alama ya jicho, ya mkono, au hata ya zipu, akaielekeza kwenye kitu. Mzee wetu angefungua mlango bila kuandika neno la Kiingereza, ingawa mzaha wa Lowe ulibaki wa kusomwa. Hata hivyo, kibodi ilimruhusu mchezaji kujaribu neno lolote, hata tusi. Kipanya kilimwachia alama chache alizokwisha kuchaguliwa.