Kabla Mpake Tao Rangi, Tuambieni Nani Ana Ufunguo

Wasee, kuna picha fulani ambayo hutembezwa mtandaoni kila mara mwanasiasa akiahidi kufufua tao ya Nairobi. Si mnaijua? Imechorwa na kompyuta. River Road haina hata karatasi chini, kuta zote ni nyeupe, miti imepangwa kama wanafunzi wa gwaride, na watu wachache wanaotembea hapo wameshika vikombe vya kahawa. Hakuna mama wa mayai na smoki. Hakuna makanga anayegonga ubavu wa mathree. Fundi wa simu na kimeza chake ametoweka kabisa. Mimi nikiiona huwa najiuliza: hawa watu wa kahawa wametoka wapi, na sisi tumepelekwa wapi?

Usinielewe vibaya. Nataka tao itengenezwe. Napita hapo karibu kila siku nikirekodi, na kuna majengo nikiyaelekezea kamera naona huruma. Mfereji wa paa umeziba miaka mingi, maji yameingia ukutani, na sasa mti mzima umeota pale juu ghorofa ya pili kama uko shambani. Jengo la mawe halifi siku moja. Huanza hivyo, na mfereji ambao hakuna mtu alipanda ngazi kuusafisha.

Lakini ukitaka kujua urekebishaji upi utafaulu na upi ni wa kupigia picha, lazima ujue haya majengo yalijengewa nani. Na hapo ndipo stori inanoga.

Shuleni tulifundishwa Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli. Sawa. Kile vitabu hupitia mbio ni kwamba mji huu ulikua kwa kupanga nani aingie wapi, na kwa karatasi gani. Chukua Kipande House, lile jengo la mawe kwenye Kenyatta Avenue, la 1913. Jina lake si pambo. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi, ndani ya kikebe cha chuma, kikining'inia shingoni. Ukikutwa bila hicho kikebe, ni jela au faini. Hapo Kipande House ndipo watu walipangwa foleni kuandikishwa.

Leo ni tawi la benki. KCB ililinunua 1976, na kusema ukweli limetunzwa vizuri kuliko majengo mengi ya umma. Watu wanapanga foleni humo kuulizia mikopo. Ukimuuliza mmoja wao jina la jengo lilitoka wapi, ataangalia juu, atakuangalia wewe, halafu atarudi kwa simu yake. Mawe yamebaki safi na hadithi imefutika. Huo nao ni uharibifu, tena wa aina ambayo hakuna mhandisi atauandikia ripoti.

Sasa twende Banda Street, karibu na Msikiti wa Jamia. Kuna jengo lenye nguzo ndefu mbele, ngazi pana, na simba wawili wa mawe wanaolinda mlango. Rafiki yangu mmoja wa Umoja aliishi miaka akidhani ni korti. Ni maktaba, McMillan Memorial Library. William Northrup McMillan alikuwa tajiri kutoka St. Louis, Marekani, mwenye shamba kubwa upande wa Juja, mtu wa mwili mkubwa na safari za kuwinda. Rais wa zamani wa Marekani Theodore Roosevelt alifikia kwake 1909. McMillan alikufa 1925, akazikwa Ol Donyo Sabuk, na mkewe Lucie akaamua kumjengea kumbukumbu ya vitabu mjini. Pesa zingine zikatoka kwa shirika la Carnegie. Maktaba ikafunguliwa 1931.

Ikafunguliwa kwa Wazungu pekee.

Hebu fikiria hilo pole pole. Wafanyakazi Waafrika walipiga deki ile sakafu, wakafuta vumbi vitabu, na hawakuruhusiwa kuketi wasome. Mhindi mwenye duka hatua chache kutoka hapo, naye hakuruhusiwa. Hali ilikaa hivyo zaidi ya robo karne, hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, uhuru ukinukia. Na 1938 ile maktaba ilitungiwa sheria yake yenyewe, ambayo mpaka leo iko kwenye vitabu vya sheria za Kenya. Ni majengo machache sana nchini yanaweza kusema hivyo. Lakini manze, sheria haizibi paa. Mlango ulifunguliwa kwa kila mtu, halafu pole pole pesa zikakauka. Vitabu vipya vikapungua, rafu zikazeeka, na rundo la magazeti ya zamani likakaa likingoja mchwa na vumbi liamue hatima yake.

Hapa ndipo nataka tusimame kidogo, kwa sababu mimi naona tulifanyiwa mchezo mara mbili. Babu zetu walifungiwa nje kwa sheria. Sisi tukaachiwa mlango wazi wa nyumba ambayo hakuna aliyetaka kuitunza tena. Haki ya kuingia ilikuja pamoja na paa linalovuja.

Mwaka 2017 wanawake wawili, mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka, walianzisha Book Bunk ili kushughulikia hilo tatizo, kwa makubaliano na serikali ya kaunti. Ungedhani wangeanza na simba na nguzo, ambapo picha ni tamu. Walianza na matawi mawili ambayo watu wengi wa tao hawajui hata yapo: Kaloleni na Makadara.

Mimi nasema huo ulikuwa uamuzi wa akili kuliko yote, na historia iko upande wao. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, wakati serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kukubali kwa shingo upande kwamba Mwafrika anaweza kuishi mjini na familia yake, asiwe tu kibarua wa kulala bwenini. Wafungwa wa vita wa Kiitaliano walitumika kwenye ujenzi. Ukumbi wa kijamii wa pale ukawa mahali pa siasa kali za kudai uhuru, hadi watu wakaupa jina la utani la Bunge. Kwa hivyo ukitengeneza maktaba Kaloleni, humletei mtu wa Eastlands ustaarabu. Unamrudishia kitu mahali ambapo wazee wake walikuwa wanajadili nchi hii wakati ile maktaba kubwa ya tao imewafungia nje.

Na matunda yameonekana. Watoto wanaingia baada ya shule, wakubwa wanaingia kusoma na kufanya mikutano. Hata mfalme Charles wa Uingereza, alipokuja Kenya 2023, alipelekwa maktaba ya Makadara. Mjukuu wa mjukuu wa ile himaya iliyoweka simba mlangoni, amekuja kuangalia rafu za Eastlands. Nilicheka kidogo. McMillan yenyewe ndiyo mlima mkubwa zaidi, na kama unataka kuona kazi hiyo inavyochosha, kuna filamu ya hali halisi inaitwa How to Build a Library, ya Maia Lekow na Christopher King, iliyooneshwa tamasha la Sundance 2025. Humo utaona wazi kwamba sehemu ngumu si mawe. Ni vikao, barua, wanasiasa wanaobadilika kila uchaguzi, na kutafuta doo.

Kuna mtu mwingine ambaye kila kijana anayepiga picha pale Archives anafaa kumjua. Lile jengo lilianza 1906 kama benki, National Bank of India. Liko mpakani kabisa: upande mmoja Moi Avenue na tao ya maofisi, upande wa pili Tom Mboya na tao yetu ya kelele. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali iliweka hapo Nyaraka za Kitaifa, na ndani ukienda utapata mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa Kenya. Murumbi alikaa ofisini miezi tu, mwaka 1966, akaachana na siasa, akaendelea kukusanya vinyago, vitambaa, vitabu na stempu za Afrika. Angeweza kuviuza ng'ambo. Alikubali kuviuzia serikali yake ili vibaki nyumbani.

Aliuza pia nyumba yake ya Muthaiga, akitumaini itakuwa kituo cha masomo ya Afrika. Ile nyumba ilibomolewa. Mtu ni mmoja, mnunuzi ni mmoja, nia ni moja. Mkusanyo uliowekwa katikati ya tao, mahali watu elfu nyingi hupita na kupeana miadi ("tupatane Archives"), uko hai hadi leo. Nyumba iliyokuwa nyuma ya ua kwenye mtaa wa matajiri, ambapo hakuna mtu wa kupiga kelele tingatinga likija, imeenda. Nikifikiria jengo gani litaokoka Nairobi, huwa naanzia hapo.

Angalia pia Jeevanjee Gardens. A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara, aliwapa wakazi wa mji hiyo bustani 1906. Mwaka 1991 ukaja mpango wa kuijenga ghorofa za kuegesha magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, akaanzisha kampeni ya kuupinga, watu wa Nairobi wakajiunga, na mpango ukafa. Miaka iliyofuata Bunge la Mwananchi likakaa kwenye zile benchi likijadili bei ya unga na katiba. Wahubiri wako hapo, wanaolala saa saba mchana wako hapo. Hiyo bustani si safi kama ile picha ya kompyuta. Lakini iko.

Watu wa mipango wataniambia Luthuli Avenue. Sawa, tuongee Luthuli. Mwaka 2019 kaunti, pamoja na UN-Habitat, waliibadilisha: magari yakaelekezwa njia moja, njia za miguu zikapanuliwa, miti na viti vikawekwa. Ile barabara ya spika na redio ikawa mahali unaweza kutembea bila kurushwa na pikipiki kila hatua tatu. Ilikuwa kazi nzuri, nasema bila kubana. Lakini kupanda miti ni wiki chache. Kumwagilia, kufagia, na kuzuia njia ya miguu isigeuke maegesho ni kila siku, na hiyo bajeti ya kila siku haina utepe wa kukata wala kamera za habari.

Kwa hivyo next time mtu akituletea mchoro wa tao mpya, mimi sitauliza rangi ya kuta. Nitauliza mambo ya kuchosha. Nani ameandikwa kazi ya kusafisha mifereji kabla ya mvua za Aprili? Choo kiko ngazi gani, na kinalipiwa pesa ngapi? Jengo litafunguliwa Jumamosi na Jumapili, siku ambazo mtu wa kibarua ana nafasi, au litafungwa saa kumi na moja Ijumaa kama ofisi? Mama wa mayai ameonyeshwa atauzia wapi, au ataendelea kukimbia na sufuria? Na askari wa mlangoni ameambiwa nini kuhusu vijana? Kwa sababu kuna jengo moja la umma hapo tao, silitaji, ambalo nilifika na begi na kamera ndogo, na swali la kwanza lilikuwa "umetumwa na nani?" Si "karibu", si "unatafuta nini". Umetumwa na nani. Mwaka 1920 swali hilo lilikuwa na kikebe cha kulijibu.

Wiki ijayo nataka kwenda na watu kumi, si zaidi, tuzunguke kwa miguu. Tutaanza Kipande House, kisha ile ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa pale kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ya 1913, ambayo sasa ni Nairobi Gallery, na ambapo watu walikuwa wanaandikisha kuzaliwa, ndoa na vifo. Kutoka hapo tunakata hadi Banda Street, tunaingia McMillan na kuketi nusu saa kila mtu na kitabu chake, halafu tunashuka Archives kwa Murumbi. Kubeba kamera ni sawa. Beba pia kitambulisho, watakiitisha mlangoni.