Injini ya tabo kugonga: sababu zake na namna ya kujikinga

Magari mengi ya petroli yenye tabo tunayoyaona katika barabara za Pwani yaliteremshwa bandarini Mombasa yakiwa tayari yametumika Japani. Yana nguvu na vijana wanayapenda. Lakini yana ugonjwa mmoja ambao ukipuuzwa huua injini nzima, nao ni kugonga. Makala haya yanaeleza ugonjwa huo, kwa nini joto letu la Pwani huuzidisha, na mwenye gari afanye nini mapema, kabla ya fundi kuanza kufungua injini.

Kugonga ni nini?

Ndani ya silinda, pistoni hukandamiza hewa na petroli, kisha plagi hupiga cheche. Moto huanzia kwenye plagi na kusambaa kwa utaratibu mpaka kwenye kuta. Injini hugonga pale sehemu ya mchanganyiko ambayo moto haujaifikia inapowaka yenyewe kwa sababu ya joto na shinikizo. Mlipuko huo hutoa sauti ya chuma, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe, hasa dereva anapokanyaga mafuta akipanda mlima au akitaka kulipita lori.

Mapigo hayo yakizidi, hupasua sehemu za pistoni zinazoshika ringi, huharibu gasketi ya kichwa cha silinda na huchosha bearingi. Injini ikifika hapo huanza kula oili, kutoa moshi wa buluu na kuishiwa nguvu. Dawa yake inakuwa ni kuifungua yote au kununua nyingine.

Magari ya kisasa yana sensa inayosikiliza mapigo haya. Ikiyasikia, kompyuta ya gari huchelewesha cheche ili kuokoa injini. Kwa hivyo huenda usisikie sauti yoyote, ila ukaona gari limekuwa zito na linakunywa mafuta kuliko kawaida. Hiyo nayo ni dalili.

Kwa nini tabo, na kwa nini Pwani?

Tabo huisukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Hewa ikikandamizwa hupata joto: hewa ya nyuzi 30 ikikandamizwa mpaka shinikizo lake liwe maradufu huweza kutoka kwenye tabo ikiwa na zaidi ya nyuzi 100. Ndiyo maana magari haya huwekewa rejeta ya hewa, ambayo mafundi huiita intakula, ili kuipoza kabla haijaingia kwenye silinda.

Kifaa hicho hutegemea upepo. Ukiwa kwenye foleni ya feri Likoni au msongamano wa Daraja la Nyali saa saba mchana, upepo hakuna, na hewa ya nje yenyewe ni ya moto. Isitoshe, hewa ya usawa wa bahari ni nzito kuliko ya Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hivyo silinda hujaa zaidi. Gari lililokuwa kimya kule bara laweza kuanza kugonga likiteremka Mombasa na petroli ile ile.

Petroli: soma kibandiko

Okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kuvumilia shinikizo bila kuwaka yenyewe. Japani ina aina mbili: ya kawaida, isiyopungua okteni 89, na ya juu, isiyopungua 96. Gari lako lilitengenezewa mojawapo. Jibu liko kwenye kibandiko ndani ya kifuniko cha tangi, na kikiwa cha Kijapani kipige picha ukitafsiri kwa simu. Usikisie: Subaru Levorg ya lita 1.6 iliundwa itumie petroli ya kawaida ya Japani, lakini ndugu yake ya lita 2.0 ilihitaji ya juu. Zote zina tabo.

Kama kibandiko chadai ya juu, weka ile yenye okteni kubwa zaidi unayoweza kuipata kituoni, na umuulize mhudumu kiwango chake. Tahadhari na vitabu vya Marekani: wao hupima kwa njia tofauti, na 91 yao ni kama 95 au 96 yetu.

Epuka petroli ya madumu na ya bei isiyoeleweka. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli huishusha okteni vibaya sana. Uchanganyaji huo ulienea nchini kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwavunja moyo wahusika.

Maji, oili na plagi

Injini ikipata moto, itagonga. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na ukiyatia kwenye rejeta huacha magamba ndani yake na kula chuma. Tumia kulanti ya aina iliyopendekezwa na mtengenezaji. Osha pia matundu ya rejeta na intakula kwa maji baridi yasiyo na kasi kubwa, kwani vumbi na chumvi ya bahari huziba mapito ya hewa.

Oili nayo ina mchango. Injini ndogo za tabo zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda zina hatari ya mchanganyiko kuwaka kabla ya cheche injini ikizunguka polepole. Pigo moja la namna hiyo laweza kuvunja pistoni. Oili za kiwango cha API SP, kilichoanza mwaka 2020, hupimwa dhidi ya hatari hiyo. Tafuta herufi hizo kwenye chupa, pamoja na uzito wa oili uliotajwa na mtengenezaji, na usipitishe muda wa kuibadilisha.

Plagi ziwe za namba ileile ya mtengenezaji. Plagi isiyofaa hubaki na joto jingi na kuwasha mchanganyiko mapema. Fundi akague pia mipira ya hewa kati ya tabo na injini. Akikuta oili nyingi ndani ya intakula, atafute inakotoka, kwa maana mvuke wa oili ukiingia kwenye silinda hupunguza uwezo wa petroli kuvumilia shinikizo.

Uendeshaji

Usikanyage mafuta mpaka chini ukiwa kwenye gia kubwa na injini iko chini ya mizunguko 2,000. Punguza gia kwanza. Ukitoka kwenye foleni ndefu, endesha taratibu kwa dakika chache ili intakula ipoe. Na anayetaka kubadilishiwa programu ya kompyuta ili gari liongeze nguvu ajue kwamba kila shinikizo linaloongezwa linadai petroli bora na hewa baridi zaidi.

Likianza kugonga njiani, legeza mguu, shuka gia, zima AC na utazame kipimo cha joto. Joto likiwa limepanda, simama na uzime injini, wala usifungue kifuniko cha rejeta mpaka ipoe. Joto likiwa sawa, endesha polepole bila kulilazimisha gari, kisha lipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta. Akikwambia afute tu taa ya dashibodi, mwambie akuoneshe chanzo kwanza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kulanti, plagi na oili sahihi ni gharama ya kupanga mapema. Injini ni gharama inayoweza kulilaza gari nyumbani kwa miezi, na kwa anayelitegemea kwa riziki, huo ni mlo wa watoto.