Dhiraa na Robo

Kipimo cha kwanza cha mwashi wa mwambao, tangu Lamu hata Kilwa, kilikuwa mwili wake mwenyewe: shibiri mbili zikafanya dhiraa, dhiraa mbili zikafanya wari, na wari mbili zikatimiza pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa. Upana wa chumba, hata hivyo, haukuamuliwa naye wala na mwenye nyumba, bali na mkoko. Kwani dari ya mawe na chokaa ilibebwa na boriti, na boriti yenye kuhimili uzito ule haikuzidi sana pima moja na nusu, hata vyumba vya matajiri vikawa virefu na vyembamba, na majahazi yaliyochukua boriti kwa korija kwenda Omani na Ghuba yakachukua pamoja nazo upana ule ule.

Wako wanaodhani kwamba kupima kwa mkono ni kukisia. Nawasihi watazame birika la msikiti. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani, maji yaliyotimia kulateni, takriban lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi maadamu rangi, ladha na harufu yake havikugeuka; yakipungua hapo hunajisika japo hayakugeuka. Kwa hiyo birika likiwa dogo kupita kiasi, ni udhu wa jamaa nzima unaotiwa mashakani, na mafakihi wakaliweka jambo hili kwa lugha ya fundi: la mraba liwe dhiraa moja na robo kwa urefu, upana na kina, la mviringo liwe dhiraa moja toka ukingo hata ukingo, na kina chake dhiraa mbili na nusu.

Ukiigawa dhiraa kwa robo nne, mraba hutoa tano mara tano mara tano, nazo ni 125. Mviringo una kipenyo cha robo nne, na mzingo wake, kwa kanuni ya mara tatu na subui moja, ni 12 na subui nne. Nusu ya kipenyo mara nusu ya mzingo, kisha mara robo kumi za kina, huleta 125 na subui tano. Tofauti yote haifiki lita moja na nusu! Sijui niite nini hesabu hiyo ila ufundi uliokomaa.

Na huko Kilwa Kisiwani, katika magofu ya Husuni Kubwa, jumba la mwanzoni mwa karne ya 14 lililonasibishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331, liko birika la pembe nane juu ya jabali linaloelekea bahari. Umbo hilo halihitaji chombo cha thamani: huchorwa mraba, uzi ukakatwa sawa na nusu ya ulalo wake, kisha ukafungwa katika kila pembe kwa zamu na kuzungushwa hata ukate pande mbili zinazokutana hapo, alama nane zikapatikana, na mchimbaji akaanza kazi.