Boma la Salaita, Chini ya Kilimanjaro

Ukitoka Voi kwenda Taveta, karibu na kufika, unakipita kilima kifupi kilichosimama peke yake katikati ya nyika ya miiba. Kinaitwa Salaita. Kwa kuwa Kilimanjaro umejaa mbele yako na theluji yake, huna sababu ya kukitazama mara mbili. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1916, kilima hicho ndicho kilichoifunga njia ya kwenda Moshi.

Mpaka wenyewe ulichorwa Ulaya. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari unaoanzia kwenye mdomo wa Mto Umba, upite Ziwa Jipe, uuzunguke Kilimanjaro kwa mashariki na kaskazini, kisha unyooke hadi Ziwa Viktoria. Uchagani kukawa kwa Mjerumani, Taveta kwa Mwingereza. Watu wa pande hizo mbili walikuwa wakiuziana ndizi na mbuzi siku zote, na hakuna aliyewauliza.

Vita ilipoanza Agosti 1914, Wajerumani waliuvuka mstari huo mara moja, wakaichukua Taveta, wakasogea mbele hadi Salaita na kuchimba. Nyuma yao kulikuwa na mlima, mashamba ya walowezi na reli ya Moshi hadi Tanga. Mbele yao kulikuwa na nyika kavu ambayo adui angelazimika kuivuka. Waingereza nao walianza kutandika reli kutoka Voi mwaka 1915, wakisogea kidogo kidogo: Maktau, kisha Mbuyuni. Reli hiyo ilibeba maji pamoja na risasi, kwani katika nyika ile jeshi lisilo na maji halifiki popote.

Sisi wa Maganzo, kwenye machimbo ya almasi ya Shinyanga, tuko mbali na huko, lakini habari hii inatuhusu. Katika jeshi la Wajerumani la hapa, Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wengi, na katika wapagazi wake walikuwa wengi zaidi. Tena ni habari ya kuchimba, kazi ambayo watu wa kwetu wanaielewa. Mchimbaji wa Maganzo anajua kwamba kifusi kinaonekana kwa mbali, ila hakimwambii mtu almasi iko wapi. Ndivyo ilivyokuwa Salaita. Mahandaki ya juu ya kilima yalionekana wazi kwa kila aliyekuwa na darubini. Yale yenye watu yalikuwa chini, miguuni mwa kilima, yamefichwa na vichaka, na mbele yake kulikuwa na uzio wa miiba. Humo ndimo zilimowekwa bunduki za rashasha, ambazo wazee waliziita bombomu.

Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walishambulia. Jenerali Malleson alikuwa na watu wapatao 6,000, wakiwemo Waafrika Kusini weupe walioshuka Mombasa wiki chache tu kabla. Wengi wao walimdharau askari mweusi waziwazi, na waliwaita makuli Wahindi waliopigana upande wao. Mizinga ikaanza kukipiga kilele. Mawe yakaruka, vumbi likapanda, na aliyetazama kwa mbali angedhani boma limekwisha. Chini, kwenye mahandaki yenyewe, askari walikuwa wametulia wakisubiri.

Waafrika Kusini walipokaribia, risasi zilitoka mahali ambapo hawakupatazamia. Walilala chini kwenye nyasi, juani, bila pa kujificha. Alasiri askari wa Kijerumani walitoka vichakani na singe mbele, na safu ya Waafrika Kusini ikavunjika. Waliosimama imara wakawazuia askari hao ni Wabaluchi wa kikosi cha 130 kutoka Uhindi, na ndio waliookoa hata bunduki ya rashasha iliyoachwa na wenzao katika kukimbia. Waafrika Kusini zaidi ya 130 walikufa, kujeruhiwa au kupotea siku hiyo. Kwangu mimi, hilo ndilo jambo kubwa la Salaita kuliko hesabu yoyote ya mizinga: waliodharauliwa walisimama pande zote mbili za uwanja, na wote walijua kazi yao.

Boma hilo halikuvunjwa kwa nguvu. Jan Smuts, aliyeshika uongozi wa jeshi la Waingereza mwezi huohuo, hakurudia kosa la kulikabili uso kwa uso. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Machi alituma jeshi kuzunguka kwa kaskazini hadi Chala, nyuma ya kilima. Salaita hakuna maji. Yalibebwa kutoka upande wa Taveta na Mto Lumi, na sasa njia ile ilikuwa karibu kukatwa. Wajerumani wakaondoka. Waingereza walipoingia tarehe 9 walikuta mahandaki matupu. Siku mbili baadaye watu wakauana tena kwenye vilima vya Latema na Reata, kisha Moshi ikaanguka.

Vita ikahamia kwetu mwaka uleule. Mwanza ilitekwa Julai, na kikosi cha Waingereza kikateremka kupitia Shinyanga kuelekea Tabora, ambako Wabelgiji waliingia tarehe 19 Septemba. Kila jeshi lilipopita lilichukua wanaume wa kubeba mizigo. Hesabu rasmi ya Waingereza peke yao inataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Taveta kuna makaburi ya vita yenye mawe na majina. Wapagazi waliachiwa jina la soko, Kariakoo, pale Dar es Salaam walipopiga kambi.