Yasmin Hakuolewa na Denge

Kama hujasoma Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, samahani, kichwa cha makala kimeshakuharibia mwisho. Lakini kitabu kilitoka 1999, na wanafunzi wa kidato cha tano na sita Tanzania wamekisoma miaka nenda miaka rudi. Karibu kila ninayezungumza naye kuhusu kitabu hiki ana kesi ileile na mwandishi: kwa nini Bukheti?

Tukumbushane. Unguja, miaka ya 1950. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa kwa Raza, mfanyabiashara anayeweza kumzaa. Anamkimbia. Jamaa zake wanamfungia mlango, na anayemfungulia ni Mwajuma, mwanamke wa ngoma na taarabu, asiyejali nani anasema nini. Halafu anatokea Denge, kijana aliyesoma Urusi, mpinga ukoloni, na Inspekta Wright yuko nyuma yake kama kivuli. Wanapendana. Wewe msomaji unaanza kushona nguo ya harusi. Kumbe harusi ipo, ila bwana harusi si huyo. Yasmin anaolewa na Bukheti.

Nimesikia watu wakisema Shafi alichoka, akataka tu kufunga kitabu. Mimi naona alijua anachofanya, na ili tuone hivyo inabidi turudi nyuma kidogo.

Wahakiki wetu wana rafu mbili. Moja wanaiita riwaya dhati, nyingine riwaya pendwa. Kwenye ile ya pili wanaweka upelelezi, ujasusi na mapenzi. Vitabu vya kusoma kwenye basi, yaani. Mgawanyo huu una matumizi yake, sikatai, lakini umetuachia tabia mbaya: tukiona mvulana na msichana wanaandikiana barua, tunajua kitabu kimeshajipeleka rafu gani. Sasa angalia kilichotokea mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika. Ndani mna barua ya mapenzi, mna wavulana, mna uchumba. Lakini barua ile inamletea Rosa kipigo kutoka kwa baba yake, Zakaria, na kuanzia hapo kitabu si cha nani atampata Rosa tena. Ni cha malezi ya kumfungia binti ndani halafu kumfungulia mlango siku moja bila kumwambia kilichoko nje. Rosa anakufa kwa mkono wake mwenyewe, na hadithi haiishii kaburini. Inapanda hadi mbinguni, kesi inasikilizwa upya mbele ya Mungu. Hebu niambie hicho unakiweka rafu ipi. Wakubwa wa elimu waliamua haraka, wakakizuia mashuleni. Baadaye kikarudi, na cheo cha kitabu cha kiada juu. Walioshtuka walikuwa wamekisoma kama kitabu cha mapenzi kilichokosa adabu.

Mwaka uliofuata, 1972, Mohamed Suleiman Mohamed alitoa Kiu. Idi na Bahati, na pembeni mzee Mwinyi na fedha zake. Neno lile moja la jalada linakuchezea kitabu kizima: kiu ya penzi au kiu ya mali? Ukifika mwisho huoni tena mpaka kati ya hizo mbili. Kisha 1975 Ndyanao Balisidya, mmoja wa wanawake wa kwanza kuandika riwaya ya Kiswahili, akatuletea Chonya na Matika wanaohangaika kati ya kijiji na mji. Kitabu kikaitwa Shida. Mwandishi aliyetaka kuuza mapenzi asingechagua jina hilo!

Kwa hiyo Shafi alikuta njia imeshalimwa, ingawa yeye alianzia mbali nayo. Kasri ya Mwinyi Fuad ya 1978 ni ya mabwana na watwana na mapinduzi. Kuli ya 1979 ni ya bandarini, ya mgomo wa makuli wa Zanzibar wa 1948. Humo siasa zinatembea wazi, mchana kweupe. Halafu miaka 20 baadaye mtu huyohuyo anatufungulia riwaya kwa ndoa ya binti wa miaka 15. Wapo waliodhani amelegea.

Lakini kumbuka Unguja ile ilivyokuwa imepangwa. Serikali ya kikoloni ilihesabu watu kwa makundi: Waarabu, Wahindi, Waafrika. Viti vya Baraza la Kutunga Sheria viligawanywa hivyo. Hata mgao wa chakula wakati wa Vita Kuu ya Pili ulifuata hivyo hivyo. Kabila lako ndilo lililoamua unakula nini. Katika mji wa namna hiyo, binti wa Kihindi kulala nyumbani kwa Mwajuma tayari ni tukio la kisiasa, hata kama yeye mwenyewe anatafuta tu mahali pa kuweka kichwa. Shafi hakuhitaji mgomo safari hii. Mlango mmoja wa uani ulimtosha.

Sasa mpe Denge. Fanya kama tulivyotaka sote, Denge ashinde, arudi, amwoe. Yasmin anakuwa nini? Anakuwa zawadi ya shujaa. Raza alipewa binti na wazazi, na Denge naye angepewa na mwandishi. Kumwondoa Denge ndiko kunakombakisha Yasmin peke yake mbele ya swali la nani aishi naye, mara ya kwanza bila mzazi nyuma wala shujaa mbele. Anamchagua mtu wa kawaida, wa kundi jingine la sensa, na anaendelea kuishi. Mapinduzi ya Denge tunayasikia kwenye mikutano na vipeperushi. Ya Yasmin yako jikoni, na ndiyo yaliyoniingia mimi zaidi.

Nakiri kitu kimoja: Bukheti hakuandikwa vya kutosha. Denge ana kurasa, ana sauti, ana mikogo. Bukheti ana wema tu, na wema peke yake haumjazi mhusika. Anayelalamikia hilo nipo naye. Amil Shivji alipoigeuza riwaya kuwa filamu mwaka 2021 aliweka macho yake kwa Yasmin na Denge, na simlaumu. Saa moja na nusu haitoshi kumpenda mtu wa tatu.

Ninachokiona siku hizi ndicho kilichonirudisha kwenye kitabu hiki. Vijana wanaandika riwaya kipande kwa kipande kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook, wengine wana mkono mzuri kweli. Wakifika sehemu ya 40, wasomaji wanaanza kudai: waoane! Mmoja wao aliniambia alikuwa amepanga msichana wake aondoke Mwanza peke yake na cherehani. Wasomaji wakachachamaa, akamrudisha stendi, bwana akatokea na maua. Nilimuuliza ile cherehani ilikwenda wapi. Akafikiri kidogo, akasema aliisahau kwenye basi.