Dawa za Malale na Minyoo katika Utafiti wa Kukabili Bakteria Sugu

Katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, kuanzia Kibondo na Kasulu hadi kata za milimani kama Muyama, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Buhigwe, malale si ugonjwa wa kusimuliwa kutoka mbali. Katika miaka ya 1930 Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilihamisha kaya nyingi za magharibi mwa nchi, zikiwemo za Kibondo, na kuzikusanya katika makazi yaliyofyekwa vichaka ili watu wakae mbali na mbung'o. Tiba ya wakati huo ilikuwa ya sindano chache, na baadhi ya dawa zake zilitengenezwa kwa arseniki. Miongoni mwa dawa zilizotokana na mapambano dhidi ya ugonjwa huo ni pentamidini. Dawa hiyo sasa inachunguzwa kwa kazi nyingine kabisa: kuzisaidia antibaiotiki kuua bakteria ambao peke yake haziwawezi tena.

Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, unaofahamika kwa kifupi kama UVIDA, hutokea pale vijidudu vinapobadilika kiasi kwamba dawa iliyokuwa ikiviua haividhuru. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2022 yanaonesha kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walifariki kwa sababu ya moja kwa moja ya maambukizi ya bakteria sugu. Tanzania ilianza kutekeleza Mpango Kazi wa Kitaifa wa kukabiliana na usugu huo mwaka 2017, na mpango wa pili ni wa mwaka 2023 hadi 2028.

Nchi hii ilipata somo lake mapema. Mlipuko wa nne wa kipindupindu ulipoanza Oktoba 1977, bakteria wa ugonjwa huo walikuwa wakiuawa na tetrasaiklini bila shida. Dawa ikagawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa watu wazima wa afya waliopewa kama kinga. Baada ya miezi mitano tu, asilimia 76 ya bakteria waliopimwa walikuwa sugu. Taarifa hiyo, iliyoandikwa na Profesa Fred Mhalu na wenzake na kuchapishwa mwaka 1979, ingali ikitajwa na wataalamu wa nchi nyingi kama mfano wa kasi ambayo dawa nzuri inaweza kupotea.

Kutengeneza antibaiotiki mpya huchukua zaidi ya miaka kumi na fedha nyingi, na kampuni nyingi kubwa zimejiondoa katika kazi hiyo kwa kuwa haina faida kubwa. Ndiyo maana watafiti wamegeukia makabati ya dawa za zamani. Dawa iliyokwisha kutumika kwa miongo kadhaa ina kipimo kinachojulikana, madhara yanayojulikana na mara nyingi bei nafuu. Inabaki kuulizwa kama inaweza kufanya kazi ya pili.

Jibu la swali hilo kwa dawa moja lilipatikana zamani, na wananchi wengi wameshaimeza bila kujua historia yake. Metronidazoli ilitoka Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya trikomona, kijidudu kinachoambukizwa kwa kujamiiana ambacho si bakteria. Mwaka 1962 daktari wa meno wa London, D. L. S. Shinn, alieleza kuwa mgonjwa aliyekuwa akitibiwa trikomona alipona pia vidonda vya fizi. Vidonda hivyo husababishwa na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni. Ilibainika baadaye kwamba trikomona, amiba na bakteria hao wana jambo moja linalofanana: ndani ya miili yao isiyotumia oksijeni, metronidazoli hubadilishwa na kuwa kemikali inayokatakata vinasaba. Leo dawa hiyo hutumika katika upasuaji wa tumbo, maambukizi ya uzazi na majipu ya ndani, sambamba na kazi yake ya awali. Feksinidazoli, dawa ya vidonge ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2024 kwa malale ya Afrika Mashariki, ni ya ukoo huohuo.

Pentamidini bado haijafika hapo. Katika tiba ya malale ilitumika zaidi kwa aina ya ugonjwa iliyoenea Kongo na Afrika Magharibi; aina ya Kigoma, ambayo huenda kasi zaidi na ambayo ng'ombe na wanyamapori huweza kuibeba, ilitibiwa kwa suramini katika hatua ya mwanzo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi. Bakteria kama Esherikia koli, Klebsiela na Asinetobakta wana utando wa ziada kwa nje, na utando huo huzuia antibaiotiki nyingi kuingia. Pentamidini hushikamana na molekuli za mafuta na sukari zinazojenga utando huo, ukalegea. Hapo dawa kama rifampisini na novobiosini, ambazo kwa kawaida hugonga ukuta, hupata mlango. Panya walioambukizwa Asinetobakta sugu kwa kolistini, ambayo ni miongoni mwa dawa za mwisho kabisa hospitalini, walitibika kwa pentamidini iliyochanganywa na novobiosini.

Hayo ni matokeo ya maabara na ya panya. Pentamidini hutolewa kwa sindano na inaweza kushusha sukari na shinikizo la damu, au kudhuru figo na kongosho. Kwa hiyo watafiti wanatafuta pia molekuli zinazofanana nayo lakini zenye madhara machache.

Dawa za minyoo nazo zimo katika uchunguzi huu. Niklosamidi, ya tegu, na oksiklozanidi, ambayo wafugaji huwapa ng'ombe na mbuzi dhidi ya minyoo ya ini, zilionekana mwaka 2015 katika maabara nchini Marekani kuwadhibiti bakteria wa Stafilokoka sugu kwa methisilini, wanaosababisha majipu, vidonda vya upasuaji na maambukizi ya damu. Hata hivyo niklosamidi hufyonzwa kidogo sana na utumbo. Sifa hiyo ni nzuri kwa mtu mwenye tegu, kwa kuwa dawa hubaki pale alipo mnyoo, lakini ni kikwazo kwa mwenye maambukizi ya damu. Ivamektini, inayotumika katika kingatiba ya usubi na matende, iliripotiwa mwaka 2013 kuua bakteria wa kifua kikuu kwenye maabara, lakini kwa kiasi kikubwa mno kuliko kile kinachofika kwenye damu ya mtu aliyemeza dozi ya kawaida. Wanaosoma habari za aina hii wanapaswa kuuliza jambo hilo kwanza: dawa iliua bakteria kwa kiasi gani, na je, kiasi hicho kinaweza kufika mwilini bila kumdhuru mgonjwa?

Kwa mkazi wa Muyama mwenye kidonda kisichopona, utafiti huu haubadilishi tiba ya leo. Dawa ya minyoo ya mifugo haipaswi kutumiwa na binadamu. Vidonge vya kingatiba wanavyopewa wanafunzi, albendazoli kwa minyoo ya tumbo na prazikwanteli kwa kichocho, vina kazi yake maalumu na si mbadala wa antibaiotiki. Hatari nyingine haizungumzwi sana: dawa hizo zikianza kumezwa ovyo kwa majipu na mafua, minyoo yenyewe inaweza kujenga usugu, na dawa zilizopo kwa kazi hiyo ni chache. Metronidazoli pia, ambayo wengi hununua kwa kila tumbo linaloharisha, haina kazi dhidi ya kuharisha kunakosababishwa na virusi.

Mgonjwa ambaye antibaiotiki ya kwanza haikumsaidia anashauriwa kurudi kwenye kituo cha afya alikotibiwa akiwa na dawa zilizobaki au pakiti zake, badala ya kununua nyingine kwenye duka la dawa muhimu. Mtaalamu anaweza kuagiza usaha, mkojo au damu ioteshwe katika maabara yenye uwezo huo ili ijulikane ni bakteria gani na anauawa na dawa ipi. Inapowezekana, sampuli huchukuliwa kabla ya dozi mpya kuanza, na majibu kwa kawaida hupatikana baada ya siku mbili au tatu.